Wako, Afande

Vijana wangu wa Ghulail,

Ijumaa iliyopita niliwashtua, na kusema kweli nilijishtua mwenyewe zaidi. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mpigaji kuwaonyesha namna ya kukaa, magoti yangu haya yakilia kama mlango mbovu, mpira ukapanda juu upande wa kushoto. Mlinzi wa kituo cha tatu alikuwa chini yake kabisa. Badala ya kuudaka akarudi nyuma kwa adabu, akaninyooshea kiganja, na midomo yake nikaiona ikisema, "Wako, mzee." Mpira ukaanguka katikati yetu. Kilichofuata mnakijua. Nilibwaga glavu, nikafoka maneno ambayo mtu wa umri wangu hafoki mbele ya watoto wa wenzake, nikaondoka na kuwaacha juani na vifaa.

Tangu siku hiyo mnaulizana kwenye grupu kama mzee anaumwa. Siumwi. Nina jambo ambalo nimelificha kwa miaka, na yule kijana, bila kujua, aligusa palepale. Nalieleza kwa maandishi kwa sababu mdomoni litanishinda. Najua msimamizi wangu wa kazi kule Al-Rawdah naye yumo kwenye hili grupu. Na asome.

Nyinyi mnanijua kama mlinzi wa getini anayewafundisha besiboli asubuhi za Ijumaa. Zamani nilikuwa mdakaji wa kulipwa, tangu msimu wa kwanza kabisa wa ile ligi ya makampuni, timu mbili za Riyadh na mbili za Jeddah. Kabla ya hapo nilikuwa askari. Mtu akisikia mdakaji anadhani kazi yenyewe ni kudaka. Kudaka ni sehemu ndogo. Wachezaji wengine wote wanamtazama mpigaji, mdakaji peke yake ndiye anayewatazama wenzake usoni. Anamwelekeza mrushaji kwa vidole, anawapanga walinzi, anamsemesha mpigaji mpaka akereke. Na hapepesi macho. Rungu linapita mbele ya pua yako, ukipepesa umekwisha.

Kutopepesa nilifundishwa sekondari, kule Tanga, na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Alitusimamisha nyuma ya wavu wa goli, akawa anaturushia mipira usoni. Wavu unauzuia, unajua kabisa utauzuia, lakini macho hayajui. Aliyepepesa alizunguka uwanja mbio. Mimi nilizunguka mpaka mpishi wa shule akauliza huyu kijana anatumwa wapi kila siku. Mwezi wa pili nikaacha kupepesa, wa tatu nikawa mdakaji, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka nafasi hiyo.

Huku Uarabuni sikuja kucheza. Kafili, yaani tajiri aliyenidhamini, alinileta Riyadh kulinda ghala, mtaa wa Al-Suwaidi. Nyuma ya ghala palikuwa na kiwanja kitupu ambapo Wafilipino walifanya mazoezi baada ya kazi. Siku moja nimesimama getini na glasi ya chai ya maziwa mkono wa kulia, mpira ukaruka ukuta ukanijia. Nikaudaka kwa mkono wa kushoto, mtupu, hata sikufikiri. Mfilipino mmoja mfupi akazunguka kuja kuomba mpira wake. Akautazama mpira, akaitazama chai, haikumwagika. Akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kazini, "Inta min wen?" Nikamwambia natoka Tanzania. Hakujua iko wapi, wala hakuuliza. Akasema yalla, akarudi nyuma hatua ishirini, akanirushia mwingine. Huyo ndiye Kocha Dindo. Ligi ilipoanzishwa alinivuta mpaka karatasi zangu zikabadilishwa nikahamia timu yake Jeddah. Nilishangaa sana, maana nilidhani mambo ya glavu niliyaacha shule.

Mwezi wa kwanza nilivunjika kidole gumba. Mrushaji wetu alikuwa Mkorea, na ishara za vidole vyangu hakuziona: vidole vyeusi, kwenye kivuli cha mapaja, jua linazama. Naomba mpira wa polepole, ananitandika wa kasi. Tulijaribu plasta nyeupe, jasho likaibandua. Mwishowe mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa jirani yangu hapa Ghulail akanipaka hina kwenye kucha za mkono wa kulia. Zikawaka. Mkorea akafurahi. Sasa nyinyi mnajua kwetu mwanamume mwenye hina vidoleni ni nani. Watu wakanipa mkono wa pongezi barabarani, na habari ikafika Tanga kabla ya wiki kwisha. Mke wangu hakugomba. Alipiga simu, akaniamkia vizuri, akaomba tu aambiwe jina la bibi harusi. Nilimtumia picha za glavu, za kofia, za Mkorea mwenyewe, na bado alinikalia kimya mpaka Idi.

Haya ya kucheka nimeyamaliza. Sasa nije kwenye lile nililolificha: sikio langu.

Nilipokuwa jeshini nilipelekwa Kongo mashariki, ulinzi wa amani. Kombora liliangukia karibu na handaki letu. Siku tatu sikusikia kitu, kisha sikio la kulia likarudi. La kushoto halikurudi mpaka leo. Sikumwambia daktari wa jeshi, nilitaka kumaliza na kikosi changu. Mkataba ulipokwisha nikarudi nyumbani na siri yangu, na nikazoea kuificha kiasi kwamba hata mke wangu alidhani ni ukaidi.

Mdakaji asiyesikia upande mmoja ni hatari kwa wenzake, sitawadanganya. Mpira ukipanda juu, kila mtu anautazama mpira. Hakuna ishara ya mkono itakayokusaidia, ni sauti tu. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini kila msimu tulipimwa afya, na asiyefaulu anaondolewa timuni, na ukiondolewa timuni ikama, kile kibali cha kuishi huku, nayo inakwenda. Walituingiza kwenye chumba kidogo cha kioo, wakatuvika spika masikioni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Sikio la kulia halikuwa na tabu. La kushoto nilimtazama muuguzi kwenye kioo. Kila alipogusa mashine bega lake lilishuka kidogo. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma mabega ya warushaji, hilo la muuguzi lingenishinda vipi? Bega likishuka, nabonyeza. Akasema, "Mumtaz," vizuri sana. Nilitoka nje nacheka peke yangu, nikajiona mjanja, na wiki nzima nilijisifu moyoni.

Msimu wa pili alikuja Juma Makame, kijana wa Unguja aliyejifunza mchezo Dar. Alikuwa akiuza vipuri kwenye duka la kafili wake hapahapa Ghulail, Dindo akamwona, akamweka kituo cha tatu. Mikono yake ilikuwa kitu cha ajabu. Sijaona mtu anayeokota mpira wa chini kama yule. Na adabu! Timu nzima ilinipigia kelele kwa lugha tano, Juma peke yake alikuja kila asubuhi, upande wangu wa kulia, akainama kidogo: "Shkamoo, Afande." Niliacha jeshi nikiwa koplo tu, lakini yeye alinifanya nijione jenerali.

Timu ya watu wa mataifa inahitaji neno moja la kuitia mpira. Letu lilikuwa "hagi", yaani wangu, kwa Kiarabu cha huku. Anayeita anadaka, wengine wanapisha. Na mpira ukiwa kati ya mdakaji na kituo cha tatu, mwenye haki ni wa kituo cha tatu, kwa sababu yeye anaukimbilia akiuona tangu mwanzo, wakati mdakaji bado anavua kofia na kujizungusha. Sheria hiyo ipo dunia nzima. Juma hakuitumia kwangu hata mara moja. Mpira wake wa haki kabisa, anarudi nyuma, ananinyooshea kiganja, "Wako, Afande."

Mimi nilifurahi. Huo ndio ukweli. Nilisema moyoni, huyu kalelewa, hawezi kumpigia mkubwa wake kelele za wangu, wangu. Ningeweza kumwambia kwamba uwanjani hakuna mkubwa. Sikumwambia, kwa kuwa utamu wa kuheshimiwa ulinikolea.

Dindo hakufurahi. Mipira miwili ilianguka mbele yetu na tukafungwa. Siku moja kabla ya mechi ya Riyadh akamsimamisha Juma mbele ya wote. "Bukra mafi hagi, inta halas," akamwambia. Kesho asipoita, amekwisha, arudi dukani, na kafili alikwishampa mtu mwingine nafasi ya dukani. Ndani ya basi Juma akahama kiti, akaja kukaa kulia kwangu.

"Afande," akasema, "kesho nikiita kweli, utanipisha?"

"Wewe ita tu," nikamjibu, na nikajifunika kofia nilale.

Vijana, sentensi hiyo ninayo kichwani mpaka leo. Mtu ananiuliza swali la namna ile, kwa sauti ile, na mimi najifunika kofia.

Mechi ilianza baada ya Alasiri. Mbingu ya Riyadh siku ile ilikuwa nyeupe kwa vumbi, na jukwaani walikuwa wanapiga ngoma. Mpigaji wao akaupiga mpira chini yake, ukapanda juu, juu kabisa, upande wa kushoto. Nikafanya kama ninavyowafundisha: kwanza utafute mpira, ndipo uitupe kofia, na uitupe mbali na njia yako. Nikauona. Nikakimbia. Sikumtafuta Juma, kwa kuwa nilijua atakuwa amenyoosha kiganja pembeni kama siku zote.

Nikaudaka. Papo hapo paji langu la uso likagonga kitu kigumu, nikaanguka, mpira ukiwa ndani ya glavu. Mnajua nilifanya nini? Nilinyanyua glavu juu kumwonyesha mwamuzi. Nilikuwa natabasamu. Nikashangaa mbona ngoma zimenyamaza. Ndipo nikageuka nikamwona Juma amepiga magoti, mikono yote miwili usoni, damu inapita katikati ya vidole. Nimeona majeraha Kongo, ya watu niliokula nao. Hakuna nililoliona kama lile. Nilikaa chini kama mtoto, glavu bado iko juu.

Hospitalini tuliambiwa jicho la kushoto halitaona tena. Msimamizi wa timu, Mwarabu mpole, mtu wa karatasi, akanikuta kwenye korido. Alikuwa anaandika taarifa. Akaniuliza Juma aliita au hakuita. Kelele za ngoma zilimfanya kila mchezaji aseme lake, Mkorea anadhani alisikia kitu, wengine hawana hakika. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Hakuita," nikasema.

Neno lilitoka kabla sijalipima. Lakini nilikuwa na nafasi ya kulirudisha, korido ilikuwa ndefu, na sikulirudisha. Niliona sikio langu likiandikwa, nikaona ikama, nikaona wanangu wanne. Tukaingia chumbani. Juma amelala, nusu ya uso bandeji. Msimamizi akamuuliza swali lilelile. Nikatazama sakafu nikisubiri aseme ukweli wake.

"Sikuita, bosi," Juma akasema. "Nilimwonea haya Afande."

Msimamizi akaandika, akafunga faili, akatoka. Nikabaki nimesimama miguuni pa kitanda, nikidhani labda ni kweli, labda hakuita, labda Mungu amenihurumia.

"Niliita mara tatu," Juma akasema. Hakuwa na hasira. "Nilidhani utaniona. Wewe huwa unaona kila kitu."

Nikamuuliza kwa nini basi amesema vile.

"Najua kuhusu sikio, Afande. Toka siku ya mwanzo. Nilikuamkia pale dukani mara tatu, upande wa kushoto, hukuitikia. Nikasema mtu huyu ana majivuno, shkamoo yangu kaiacha inaning'inia. Nikazunguka kulia, ukaitikia marahaba mpaka mikono ukanishika. Basi nikajua." Akaishika bandeji. "Ndiyo maana nilikuwa nakuachia. Tukienda wote wawili mmoja ataumia."

Nilishika chuma cha kitanda. Ile adabu niliyoila kama halua msimu mzima, kumbe ilikuwa ulinzi. Mtoto wa watu alikuwa ananilinda, siku baada ya siku, anatukanwa na kocha kwa ajili yangu, na mimi najiona jenerali. Nikamwambia nakwenda kumfuata msimamizi sasa hivi.

"Ili iweje?" akasema. "Jicho lishakwenda. Una watoto. Tukifukuzwa wote wawili, faida ya nani?"

Na mimi, vijana, nilikubali. Sikuenda. Msinitafutie udhuru.

Wiki chache baadaye walimkatia tiketi ya kurudi moja kwa moja, akaja kupandia ndege Jeddah. Nilimsindikiza. Tulipokumbatiana alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikuja kushoto. Nikasikia pumzi yake ya moto kwenye sikio langu bovu, nikajua anasema kitu, maneno machache tu. Kisha akaniachia, akacheka, akabeba begi lake. Sikumuuliza amesema nini. Nilijiambia ni dua. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Nilicheza msimu mmoja zaidi, vibaya. Kila mpira uliopanda juu niliuacha uanguke. Kocha akasema ni magoti, na mimi nikasema ndiyo, ni magoti. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikapata kazi ya geti Al-Rawdah, nikapima tena sikio kwa bega la muuguzi mwingine, nikaanza kuwafundisha nyinyi. Niliwafundisha yote, jinsi ya kuficha gumba nyuma ya glavu, jinsi ya kuuzuia mpira wa chini kwa kifua. Kuitana sikuwafundisha. Mlikuwa mnaniita mzee na kunipisha, na mimi, hata baada ya yote yale, nilikuwa naona raha. Mpaka Ijumaa, niliponyooshewa kile kiganja.

Jumamosi nikampigia Juma. Ana kibanda cha kutengeneza pikipiki huko Unguja. Huwa tunasalimiana sikukuu kwa sikukuu, dakika mbili tatu, hali ya hewa na watoto. Safari hii nikamuuliza moja kwa moja: siku ile uwanja wa ndege, uliniambia nini sikioni?

Nikasikia akiweka spana chini.

"Nilikwambia, iko siku, Afande, waambie niliita."

Nikamuuliza kwa nini aliyasema upande ule, na alijua wazi kwamba sitasikia.

"Kusema ilikuwa lazima niseme," akajibu. "Ila wewe kusikia, niliona haya."

Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba taarifa ile ya timu ilifika kwao. Kwamba mtaani mpaka leo wapo wanaomjua kama yule aliyepoteza jicho kwa kukosa kufungua mdomo. Baba yake alimuuliza, ilikuwaje mwanangu, neno moja tu hukuweza kulisema? Alimuuliza mpaka akafa. Juma hakumjibu, kwa kuwa alikwishanipa mimi neno lake.

Nilikuwa nimesimama getini. Nilikaa palepale kwenye ngazi, gari ya madam mwenye jumba inapiga honi ifunguliwe, sikuinuka. Miaka yote hii nilidhani alipoteza jicho tu.

Mwezi ujao nina kipimo. Nitaingia kwenye kile chumba cha kioo na nitafumba macho, na litakaloandikwa na liandikwe. Mwanzo wa maandishi haya nilisema msimamizi wangu wa kazi asome, na sirudi nyuma.

Nyinyi Ijumaa njooni kama kawaida. Mtanikuta nimechuchumaa, natazama mbele. Piteni mmoja mmoja, msimame kushoto kwangu, mniite kwa sauti yenu yote, muite hagi, muite jina langu. Mtaona sigeuki. Mkishaona kwa macho yenu, nendeni mkawaambie watu, na mwenye ndugu Unguja ampigie simu amwambie: Juma Makame aliita.